UZI MAALUMU: Kukokotoa bila ramani ya kawaida ya kompyuta. Sabuni, maji, DNA, ndoo, kaa, na gharama inayojificha

#1 Fundi_Saketi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aupitie kwa awamu. Nataka tujadili mashine za kukokotoa zisizofuata ramani tuliyoizoea: prosesa upande mmoja, kumbukumbu upande mwingine, na programu inayosomwa amri moja baada ya nyingine. Ramani hiyo iliandikwa mwaka 1945 katika ripoti ya John von Neumann kuhusu mashine ya EDVAC, na karibu kila kifaa kinachotumika kusoma uzi huu kimejengwa juu yake.

Siidharau, imetufikisha mbali sana. Ila ina kasoro ambayo John Backus aliisema hadharani alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1977: kila kitu lazima kipite kwenye njia moja nyembamba kati ya kumbukumbu na prosesa. Ni sawa na fundi hodari ambaye kila msumari anaoutaka uko stoo ya mbali, siku nzima inaishia njiani. Kwenye chipu za sasa, kuleta namba kutoka RAM kunaweza kula nishati mara mamia ya ile inayotumika kuijumlisha. Na tangu mwaka 2005 hivi kasi ya saa ya prosesa imekwama kwenye gigahezi chache, kwa sababu transista zimeendelea kupungua ukubwa lakini joto limegoma kupungua pamoja nazo.

Hoja yangu ni hii. Karibu kila tukio la kimaumbile, ukilitazama kwa jicho la hesabu, linakokotoa kitu fulani, tena bure na haraka. Ugumu uko kwenye kuliuliza swali na kulisoma jibu. Kwa hiyo ukiletewa habari ya kompyuta ya ajabu, tafuta gharama imehamia wapi. Lazima iko mahali: kwenye kuandaa swali, kwenye usahihi, au kwenye kusoma jibu.

Tuanze na jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya. Chukua vipande viwili vya plastiki angavu, vishikanishe kwa misumari minne midogo iliyosimama kwenye pembe za mstatili wa sentimita 4 kwa 3, uache nafasi ndogo kati ya vipande. Chovya kwenye maji ya sabuni, kisha toa taratibu. Utando wa sabuni utaiunganisha misumari yote minne, na ukitazama kutoka juu utaona mistari inayokutana mitatu mitatu kwa pembe za nyuzi 120. Utando hujivuta ili uwe na eneo dogo iwezekanavyo, kwa hiyo hapo unatafuta mtandao mfupi wa kuunganisha nukta nne. Piga hesabu uone: ukipita pande tatu (3+4+3) ni sentimita 10. Ukikata kwa diagonali mbili ni 10 vilevile. Utando umepata takriban 9.2. Imechukua sekunde, na hakuna amri hata moja iliyoandikwa.

Sasa chovya tena, safari hii ukivitoa vipande kwa mwinamo tofauti. Kuna mara utapata umbo jingine, ule mstari wa katikati umelala kufuata upande mfupi badala ya mrefu, na urefu wote unakuwa takriban 9.9. Nalo limetulia kabisa, halihami. Utando hauna namna ya kujua kwamba lipo jibu bora zaidi, umefika mahali ambapo kila badiliko dogo linaurefusha, ukabaki hapo. Kwa misumari minne tofauti unaiona kwa macho. Weka misumari mia moja, mahali pa kunasa panakuwa pengi mno, na hakuna dalili yoyote ya kukuambia kama umepata jibu lenyewe au la jirani. Jibu limekuja haraka, lakini uhakika umebaki kuwa kazi yako.

Mashine za namna hii zimefanya kazi za maana kwa muda mrefu. Lord Kelvin alibuni mashine ya kutabiri maji kupwa na kujaa katika miaka ya 1870, puli na magurudumu yakijumlisha mawimbi mengi kwa waya mmoja. Mashine za ukoo huo ndizo alizotumia Arthur Doodson kule Liverpool kukokotoa maji ya fukwe za Normandy kwa ajili ya uvamizi wa Juni 1944. Vladimir Lukyanov wa Umoja wa Kisovyeti alijenga kikokotozi cha maji mwaka 1936 ili kuelewa joto linavyotembea ndani ya zege na kulipasua: kimo cha maji kwenye mirija kilisimama badala ya halijoto, na jinsi maji yalivyotiririka ndivyo mlinganyo ulivyotatuliwa. Mwaka 1949 Bill Phillips akaleta London School of Economics mashine ya matangi na mirija inayoonyesha mzunguko wa fedha katika uchumi wa taifa. Unafungua koki ya kodi, unaona akiba inashuka.

Kilichoziua ni usahihi. Mashine ya analogi ikikupa tarakimu tatu za uhakika umebahatika, na kila tarakimu inayoongezeka inadai vipuri bora mara kumi. Dijitali ukitaka tarakimu zaidi unaongeza biti, basi.

Karibuni tuijaze mada.

#2 Kijana_wa_Mantiki

Mkuu heshima kwako, lakini niweke pingamizi mapema. Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, alishamaliza hii biashara mwaka 1936. Chochote kinachokokotoleka kwa hatua zinazoeleweka, mashine yake inakikokotoa. Maji yako, sabuni yako, haviwezi kuvuka hapo. Laptopu inaweza kuiga utando wa sabuni, utando hauwezi kuiga laptopu. Sasa faida iko wapi?

#3 Fundi_Saketi

Mkuu, hapo kwenye Turing hatuna ugomvi. Hakuna mahali nimesema maji yanakokotoa kisichokokotoleka, na anayedai hivyo namkwepa.

Ila Turing aliuliza nini kinawezekana. Hakuuliza kinachukua muda gani na umeme kiasi gani. Ubongo wa binadamu una nyuroni zipatazo bilioni 86 na unaendeshwa kwa takriban wati 20. Jaribu kuuiga nyuroni kwa nyuroni kwenye mashine za kawaida uone bili ya umeme. Mashine mbili zinaweza kuwa sawa kabisa kwa mizani ya Turing na zikatofautiana mara milioni kwa nishati, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kifaa kiingie mfukoni au kijengewe ghala.

#4 Maabara_Dada

Naomba nichangie upande wa DNA maana ndiko ninakoshinda.

Leonard Adleman alichapisha jaribio lake mwaka 1994. Swali lilikuwa: una miji 7 na barabara za kwenda upande mmoja tu, je, kuna njia inayoanzia mji fulani, kuishia mji fulani, na kupita kila mji mara moja tu? Kila mji aliupa kipande cha DNA chenye herufi 20. Kila barabara aliipa kipande chenye nusu ya pili ya mji inakotoka na nusu ya kwanza ya mji inakokwenda. Akaweka pia vipande vinavyokamilishana na majina ya miji (herufi zao hushikana), ili vishikilie barabara mbili zinazokutana. Vyote ndani ya mrija mmoja pamoja na kimeng'enya cha kuunga.

Hapo ndipo penye uhondo. Ndani ya mrija kuna matrilioni ya vipande vinavyogongana kwa wakati mmoja, na kila mgongano unajaribu kuunda safari. Njia zote zinazowezekana zinajengwa sambamba, nyingi zikiwa takataka na moja ikiwa jibu.

Halafu kinaanza kibarua cha kusaka. Kwanza PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, kuzidisha zile tu zinazoanza na kuishia miji sahihi. Kisha jeli ya umeme, kuchagua zenye urefu wa herufi 140, yaani miji 7 mara herufi 20. Kisha shanga za sumaku zilizobandikwa kipande kinachonasa mji mmoja: unanasa, unaosha, unabaki na zenye mji huo, unarudia kwa mji unaofuata. Ambaye hajawahi kuosha shanga za sumaku aelewe kwamba kila hatua inapoteza baadhi ya molekuli unazozitafuta na inaacha baadhi ya zile usizozitaka. Kazi yote ya maabara ilichukua takriban siku 7, kwa swali ambalo mtu analijibu kwa kalamu.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta mada kuhusu gharama kuhama. Ila kwenye DNA kuna gharama nyingine hujaitaja, uzito. Juris Hartmanis alipiga hesabu mwaka 1995 akaonyesha kwamba ukitumia mbinu ileile kwa miji 200, DNA utakayohitaji itazidi uzito wa dunia. Usambamba wa molekuli unavutia mno, lakini tatizo linapokua kwa kasi ya kujizidisha, hakuna mrija utakaotosha.

Wengi wetu kwenye fani tumeacha kushindana na silikoni kwenye mafumbo ya miji. DNA inapendeza pale ambapo swali lenyewe limo ndani ya seli tayari: molekuli ikikutana na alama mbili za ugonjwa kwa pamoja itoe dawa, ikikutana na moja inyamaze. Hapo husomi jibu kabisa, jibu ni kitendo.

#5 Kijana_wa_Mantiki

Dada, hiyo sentensi ya mwisho imenigusa. Kama jibu ni kitendo, ile gharama ya kusoma anayoisema mleta mada inafutika. Naanza kuona mwelekeo.

#6 mpenda_namba

Nyie mnakwenda mbali, wakati hata ndani ya elektroniki za kawaida kuna njia ambazo hazikufuatwa. Kwa nini biti iwe na hali mbili tu? Warusi walijenga Setun mwaka 1958 pale Chuo Kikuu cha Moscow chini ya Nikolay Brusentsov, na hesabu zake zilikuwa na hali tatu: −1, 0 na +1. Zilitengenezwa takriban 50, zikatumika kweli.

Uzuri wake ni huu. Nafasi zinakwenda kwa 1, 3, 9, 27. Namba 5 inaandikwa + − −, yaani 9−3−1. Ukitaka −5, geuza kila alama: − + +, yaani −9+3+1. Hakuna biti ya alama pembeni, hakuna sheria maalumu ya namba hasi. Ukitaka kukadiria namba kwa kuifupisha, kata tu mkia, kilichobaki ndicho kadirio bora. Jamani, huu ni usafi wa hesabu ambao mfumo wa mbili hauna.

#7 Fundi_Saketi

Mkuu, Setun naipenda sana na nasikitika ilikatizwa. Lakini transista inapenda kufunguka kabisa au kufunga kabisa. Ukiiambia isimame katikati, nafasi ya kuvumilia kelele inapungua na umeme unavuja. Kwenye kuhifadhi tumekubali kulipa: flashi za siku hizi zinaweka viwango 8 au 16 vya chaji kwenye seli moja. Lakini kule tunasoma polepole na tuna misimbo ya kusahihisha makosa nyuma yake. Kwenye kukokotoa mabilioni ya mara kwa sekunde hatujapata kifaa chenye hali tatu zenye nguvu sawa. Siku kikipatikana, hoja za Brusentsov zipo zinasubiri.

#8 Volti_Tano

Nileteni jaribio la Adrian Thompson, Chuo Kikuu cha Sussex, lililochapishwa 1996. Kwangu hakuna linalotikisa zaidi ya hili.

Alichukua chipu ya FPGA, yaani ile ambayo miunganisho yake ya ndani unaipanga upya kwa programu. Akatumia kona yake moja, seli 100 tu, kumi kwa kumi. Kazi: tofautisha mlio wa kilohezi 1 na wa kilohezi 10. Hakusanifu saketi. Alianza na mipangilio 50 ya kubahatisha, akaacha zinazofanya vizuri kidogo zizaliane na kubadilika, kizazi baada ya kizazi, maelfu ya vizazi. Na hakuipa saa, yaani mdundo unaopanga hatua za saketi. Mhandisi anaelewa maana yake: kutenganisha milio hiyo bila saa na bila vipuri vya nje, kwa vijigeti vinavyobadilika ndani ya nanosekunde, ni jambo ambalo hakuna aliyefundishwa shuleni.

Saketi ikapatikana, ikafanya kazi vizuri. Alipoichunguza akakuta seli nyingi hazitumiki. Lakini zilikuwepo seli chache ambazo hazikuwa na njia yoyote ya kuunganishwa na sehemu ya kutolea jibu, na bado ukizizima utendaji unaharibika. Saketi ilikuwa inatumia tabia za silikoni yenyewe, zile ambazo sisi kwenye usanifu tunajificha kutoka kwazo kwa makusudi.

Na bei yake sasa. Ukihamisha saketi hiyo kwenye kona nyingine ya chipu, inadhoofika. Halijoto ikitoka nje ya ile iliyokulia, inakosea. Ndiyo maana tunasanifu kwa sheria kali: tunatupa sehemu kubwa ya uwezo wa silikoni ili chipu ya kwanza na ya milioni zifanye kitu kilekile. Mimi ninaamini tunatupa kingi kupita kiasi.

#9 Nyuroni_Huru

@Volti_Tano, hapo kuna daraja la moja kwa moja kwenda kwenye ndoo ya maji. Mwaka 2003 Chrisantha Fernando na Sampsa Sojakka, hao nao wa Sussex, walichukua ndoo ya maji na kuitikisa kwa vijimota. Sauti ya mtu akitamka moja au sifuri kwa Kiingereza iligeuzwa kuwa mitikisiko, kamera ikapiga picha mawimbi juu ya maji, na picha hizo zikapewa mtandao mdogo sana wa nyuroni bandia, wa tabaka moja, ujifunze kutenganisha. Ukafaulu.

Mtandao wa tabaka moja kwa kawaida hauna ubavu huo, hata XOR (kutambua kwamba ni moja tu kati ya biti mbili iliyo 1) inaushinda. Maji ndiyo yaliyofanya kazi ngumu. Mawimbi yanakutana na kuchanganyika kwa namna ambayo mambo yaliyokuwa yamefungamana kwenye sauti yanajitenga juu ya uso wa maji, na kwa kuwa mawimbi huchelewa kutulia, maji yanakumbuka kilichotangulia. Wewe hufundishi maji chochote. Unafundisha sehemu ya mwisho tu, ile ya kusoma. Msingi wa nadharia uliwekwa na Herbert Jaeger mwaka 2001 na Wolfgang Maass na wenzake mwaka 2002, kila upande kwa njia yake.

Mkuu mleta mada, umesema gharama iko kwenye kuuliza au kusoma. Mbinu hii inakubali hilo na inaweka akili zote kwenye kusoma. Ukishafanya hivyo kitu chochote chenye mwitikio mgumu na kumbukumbu fupi kinafaa: leza yenye mzunguko wa nyuzi za kioo, sumaku ndogo, hata mkono laini wa roboti.

#10 Mtazamaji

Nimeweka kambi. Endeleeni, nasoma kila neno.

#11 bado_najifunza

Mbona kompyuta za kwantamu hazijaguswa? Si ndizo kinara wa mada hii?

#12 Fundi_Saketi

Zina nyuzi nyingi tayari, ndugu yangu, ndiyo maana nilizipisha. Ila ziweke kwenye mizani hiyohiyo. Watu husema kyubiti, yaani biti za kwantamu, zinajaribu majibu yote kwa pamoja. Hilo ni nusu ya habari. Ukipima, unapata jibu moja tu, la bahati nasibu. Ufundi wa algorithimu ya Peter Shor ya mwaka 1994 ni kupanga mawimbi ya uwezekano yafutane kwenye majibu mabaya na yaimarishane kwenye mazuri kabla hujapima. Ni matatizo machache yenye umbo la kuruhusu hivyo.

Google walitangaza mwaka 2019 kwamba chipu yao ya kyubiti 53 ilifanya kwa sekunde 200 kazi ambayo kompyuta kubwa ingechukua miaka 10,000. IBM wakajibu kwamba kwa kupanga vizuri ingechukua siku mbili na nusu. Kazi yenyewe ilikuwa kuchota sampuli za saketi ya kubahatisha, haina matumizi nyumbani wala kiwandani. Naiheshimu kama jaribio la fizikia. Gharama yake kubwa iko kwenye makosa: kyubiti ni dhaifu, na kupata moja ya kuaminika unahitaji nyingi nyuma yake za kuilinda.

#13 Mwalimu_Fizikia

Wanangu, mmezungumzia gharama nyingi, niongeze ile ambayo maumbile yenyewe yanaidai.

Rolf Landauer alionyesha mwaka 1961 kwamba kufuta biti moja lazima kutoe joto, angalau kT mara logi asilia ya 2 (k ni kigezo cha Boltzmann, T ni halijoto kwa kelvini). Kwa joto la chumbani ni takriban jouli 2.9 × 10⁻²¹. Kidogo mno, na transista za leo ziko mbali sana juu yake. Lakini angalieni nilichosema: kufuta. Geti la AND, kijisaketi kinachotoa 1 pale tu zote zinazoingia zikiwa 1, linapokea biti mbili na kutoa moja, kwa hiyo habari imepotea na joto lazima litoke. Mwaka 2012 kundi la watafiti lilipima jambo hili kwa chembe moja ya silika iliyoshikiliwa kwa leza ndani ya visima viwili, wakaona kweli joto linakaribia kikomo cha Landauer kadiri ufutaji unavyofanywa polepole.

Charles Bennett alitoboa tundu mwaka 1973: unaweza kukokotoa chochote bila kufuta, mradi kila hatua iweze kurudishwa nyuma. Unakokotoa, unanakili jibu, kisha unarudisha hatua zote kinyumenyume hadi mashine iwe safi. Mwaka 1982 Edward Fredkin na Tommaso Toffoli wakachora kompyuta ya mipira inayogongana bila msuguano, ambapo mgongano ndio geti. Kosa dogo la mwelekeo linakua kila mpira unapogonga mwingine, kwa hiyo karatasini ni safi na mezani haiwezekani.

Watafiti wa Kijapani wakishirikiana na Andrew Adamatzky wa Bristol waliuchukua mchoro huo mwaka 2011 wakabadilisha mipira kwa makundi ya kaa askari. Makundi mawili yakikutana huungana na kwenda uelekeo wa katikati, na kaa walisukumwa kwa kivuli kinachofanana na cha ndege mla kaa. Geti la OR (hutoa 1 hata ikiingia 1 moja tu) lilikubali, la AND lilikuwa na wasiwasi zaidi. Wengine huchukulia jaribio hili kama kichekesho. Mimi nalichukulia kwa uzito, kwa sababu kundi la kaa linajirekebisha lenyewe likitawanyika kidogo, jambo ambalo mipira haiwezi. Uimara ule ulitoka kwenye uhai.

#14 Maabara_Dada

Mwalimu, asante sana. Kwa uhai huohuo, kuna kile kiumbe cha njano cha seli moja, Physarum polycephalum. Toshiyuki Nakagaki na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba kikijazwa kwenye njia za fumbo na kuwekewa chakula kwenye milango miwili, kinajiondoa kwenye vichochoro vyote na kubaki kwenye njia fupi. Mwaka 2010 walikipangia vipande vya oti 36 kwa ramani ya miji inayoizunguka Tokyo, na ndani ya takriban saa 26 kikajenga mtandao unaokaribiana na ule wa reli kwa urefu na kwa uwezo wa kuhimili njia moja ikikatika. Mrija unaopitisha majimaji mengi unanenepa, usiopitisha unasinyaa. Sheria yote ni hiyo. Ikaandikwa kwa hesabu na sasa inaendeshwa kwenye kompyuta za kawaida, dakika chache badala ya saa 26. Mara nyingi tunachopata kutoka kwenye mashine hizi ni algorithimu, na mashine yenyewe tunaiacha maabara.

#15 Volti_Tano

Aliyeuliza inbox kama kuna chochote kilichofika sokoni: kipo, tena kikubwa. H. T. Kung na Charles Leiserson waliandika mwishoni mwa miaka ya 1970 kuhusu safu za vijiprosesa vinavyopitishiana namba kwa mdundo mmoja, kila kimoja kikizidisha, kikijumlisha na kumpa jirani, bila kurudi kwenye kumbukumbu kila mara. Kwa miaka mingi wazo likakaa pembeni. Chipu ya kwanza ya TPU ya Google, iliyotengenezwa kwa ajili ya mitandao ya nyuroni bandia, ilikuwa na safu ya aina hiyo ya 256 kwa 256, vizidishi 65,536, na ilianza kazi kwenye vituo vya data mwaka 2015. Ile njia nyembamba ya Backus imepanuliwa kwa wazo lililosubiri zaidi ya miaka 30.

Hatua inayofuata wengi tunayoifanyia kazi ni kuzidisha ndani ya kumbukumbu yenyewe. Panga vikinzani kwenye makutano ya nyaya za mlalo na wima. Weka volteji kwenye mlalo. Kila kikinzani kinazidisha kwa sheria ya Ohm, kila waya wa wima unajumlisha mikondo kwa sheria ya Kirchhoff. Matriksi nzima, yaani jedwali zima la namba, imezidishwa kwa pigo moja. Na gharama? Zile saketi za kugeuza mkondo kuwa namba pembeni mwa safu. Kwenye baadhi ya chipu zinakula umeme na eneo kuliko safu yenyewe. Mleta mada hakukosea.

#16 bado_najifunza

Wakuu nimeelewa mengi. Mimi sina maabara wala FPGA, nina laptopu tu. Naweza kuanza na nini cha kujaribu mwenyewe?

#17 Fundi_Saketi

Anza na ukokotoaji wa kubahatisha wa miaka ya 1960, wa Brian Gaines upande wa Uingereza na Poppelbaum upande wa Marekani. Namba 0.6 unaiwakilisha kwa mfululizo wa biti ambapo kila biti ina uwezekano wa asilimia 60 kuwa 1. Namba 0.5 vivyo hivyo. Pitisha mifululizo miwili kwenye geti moja la AND, hesabu biti zenye 1 zinazotoka, gawa kwa idadi ya biti. Utapata karibu na 0.3. Umezidisha kwa geti moja tu, kazi ambayo kwenye chipu ya kawaida inadai mamia ya mageti. Na biti moja ikiharibika njiani haidhuru, kwa sababu hakuna biti yenye uzito kuliko nyingine.

Kisha fanya mambo mawili. Kwanza, badili urefu wa mfululizo. Kwa biti 100 tarajia kukosea kwa kiasi cha 0.05 hivi, kwa biti 10,000 kiasi cha 0.005. Yaani tarakimu moja zaidi ya usahihi inataka muda mara mia. Pili, jaribu kupata 0.6 mara 0.6 kwa kuingiza mfululizo uleule pande zote mbili za geti. Utapata 0.6 badala ya 0.36, kwa sababu AND ya kitu na chenyewe ni chenyewe. Kwa hiyo unahitaji mifululizo isiyohusiana, na kutengeneza biti za kubahatisha zisizohusiana ndiko kunakokula saketi nyingi kuliko geti lenyewe. Tafuta ujanja: chelewesha nakala ya pili kwa biti moja kabla ya kuiingiza, uone inatoa nini na kwa nini.

Ukimaliza weka grafu ya kosa dhidi ya urefu wa mfululizo hapahapa kwenye uzi, na uandike umetumia njia gani kuzalisha biti zako.